Katibu Aliyeogopa "Ji"

Faustine wa Hayes, magharibi mwa London, hupanga mizigo ghalani, na muda wote unaobaki ni katibu wa vifo wa chama chetu. Mtanzania hafi London mpaka Faustine amtangaze kwenye kundi la WhatsApp. Ana mkono wa huruma. Mlevi kwake hufa kwa "maradhi ya ini", na aliyejiua, jamani, huyo hufa kwa "presha ya ghafla". Ukimsoma Faustine utadhani wanaume wetu wana presha kuliko mabomba ya zimamoto.

Mwezi wa pili akafa Valentine, dereva wa basi. Alijiua. Polisi walisema, barua aliyoiacha ilisema, mkewe Haika alisema. Faustine akaandika: "Ndugu yetu ametutoka ghafla, akiwa nyumbani na mkewe."

Loo! Wakwe wa Haika kule Kibosho, Kilimanjaro, ambao nao wamo kundini, wakaisoma kama hati ya mashtaka. Ghafla? Nyumbani? Na mkewe? Nickson, kaka wa marehemu, akapiga simu: mwili uje, mwanamke abaki hukohuko, muuaji hatamkanyagia shamba.

Haika akaenda kwa Faustine, koti juu ya kanga.

"Shemeji, andika neno lenyewe."

"Lina ukali, shemeji. Tuseme 'alijitoa duniani'?"

"Alikwenda wapi, mwezini? Andika."

"'Uhai ulikatishwa'?"

"Ulikatishwa na nani? Si watasema mimi!"

"Sasa padre..."

"Padre nimeshaongea naye, misa atasoma. Anayeogopa ni wewe. Andika alijiua."

Faustine akaandika polepole kama anayejaza fomu ya viza, akamwonyesha: "Valentine aliua."

"Aliua nani tena? Umeruka 'ji'! Hiyo 'ji' ndiyo inayonitoa mimi kizimbani!"

Faustine akasema simu ndiyo iliyokosea, si yeye. Akairudisha "ji", akafumba macho, akabonyeza.

Kundi la watu mia mbili, ambalo hata paka akipotea hutoa pole sabini, safari hii halikutoa hata moja. Faustine akanyoosha kidole kufuta. Haika akampokonya simu, akaikalia.

Ikalia palepale chini yake. Nickson. Haika akapokea, akajitaja, akaweka sauti ya juu, na wote wawili wakasikia mwanamume mzima analia.

"Alinipigia Jumapili ile aliyokufa," Nickson akasema. "Sikupokea. Nilidhani anataka kunisimulia baridi yenu." Akavuta kamasi. "Na lawama nikakutupia wewe. Shemeji, njoo naye. Udongo wa kwanza kaburini utautia wewe."

"Nitakuja," Haika akasema, na ndipo machozi yakamtoka, ya kwanza tangu Valentine afe.

Faustine akakohoa, akakaa vizuri, akaanza: "Kama alivyosema mwenye hekima mmoja..."

"Nyamaza, shemeji," Haika akamwambia. "Nitafutie ndege ya mapema."