Nyanya Hangemwambia Asile

Nilirudi Eldoret baada ya miaka miwili ya kuzunguka, nikafikia kwa dada yangu, mtaa wa Munyaka. Dada ni karani katika duka la mbegu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Nilimkuta nywele zimeshikana, blanketi limetundikwa dirishani, na kazini hajaenda wiki tatu. Alipika chai, akainusa, akaimwaga, akapika nyingine. Kisha akageuka kumjibu mtu ambaye hakuwepo.

Mimi niliacha shule, lakini sikuacha kuuliza. Katika mji mmoja nilisugua sakafu za wodi ya wagonjwa wa akili, nikawachosha wauguzi kwa maswali. Mmoja aliniambia nisingoje mtu aokote makaratasi barabarani. Nitazame aliyebadilika: analala vipi, anaoga, anamwogopa nani, na sauti anazosikia zinasema nini.

Jumapili baada ya kanisa ukoo ulikutana kwa shangazi, mtaa wa Yamumbi. Kwetu, upande wa ziwa, marehemu anaweza kuja akitaka mtoto apewe jina lake, na asipopewa atasumbua. Mimi mwenyewe nilipewa jina hivyo, siidharau desturi. Dada alikuwa amesema sauti anayoisikia ni ya mwanamke mzee, basi shangazi alishaamua ni marehemu nyanya yetu. Jumatano dada angepelekwa nyumbani, kule ziwani, mtoto wa binamu apewe jina, mambo yaishe.

Niliuliza huyo mwanamke anasema nini. Walitazamana, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Dada, aliyeketi karibu na mlango, akajibu polepole, "Anasema chakula kina sumu. Nisile."

"Nyanya?" nikasema. "Nyanya aliyetupakulia sisi kwanza, yeye akala ukoko? Huyo hangemwambia mtu asile."

Mjomba alicheka, akajifanya anakohoa.

"Darasa la saba hukumaliza," shangazi akasema, "na leo umekuwa daktari."

"Mimi si daktari, shangazi. Ndiyo maana nampeleka kwa daktari."

Alisema nikitoka na dada, nisikanyage tena nyumba yake. Nikamwomba anifungie ugali wa njiani.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kliniki. Daktari alimsikiliza dada kwanza, kisha akaniuliza yalianza lini. Jina la ugonjwa hakulitaja siku hiyo. Lilikuja baada ya miezi ya kumfuatilia: skizofrenia. Dawa za kwanza zilimfanya asinzie mchana kutwa, akabadilishiwa. Sauti hazijaisha zote. Lakini amerudi dukani, nusu siku.

Mtoto wa binamu alipewa jina la nyanya, na ni sawa, nyanya alistahili. Shangazi husema hilo ndilo lililomtuliza dada. Mimi husema ni dawa, tena nasema nikiwa kwake, mezani, nyumba ile ile niliyokatazwa. Tukibishana, dada huvuta sahani, akala, akaongeza.