Huzuni Hukaa Mapafuni

Jumanne, tarehe 12 Juni 2012, nilipanda ghorofani kwa tabibu wa Kichina katikati ya jiji la Durban. Nilikuwa nikikohoa tangu mwaka niliofiwa na mume wangu, na hospitali haikuona kitu kifuani. Akina mama wa kanisa letu la Wakongo walikuwa wameshaamua kwamba aliyeniroga ni wifi yangu. Hakuna aliyekubali tena kuketi naye benchi moja.

Tabibu alinishika kifundo cha mkono, akapima mapigo ya damu, kisha akauliza, "Mama, umefiwa na nani?"

Sikuwa nimemwambia lolote! Akanieleza kwamba kwao ugonjwa huletwa na upepo, baridi au unyevu, lakini pia na hisia: hasira huumiza ini, hofu huumiza figo, na huzuni hukaa mapafuni. Mimi niliyeanza shule nikiwa tayari mama wa watoto, nilimsikiliza kama siku ile ya kwanza darasani.

Sikungoja teksi. Nilipandisha kilima cha Berea kwa miguu hadi saluni ya wifi.

"Wifi, huna hatia! Ni huzuni ya kufiwa!"

Akaacha kusuka. "Miaka yote naitwa mchawi, kumbe aliyekuroga ni kaka yangu, kwa kufa!"

Tulicheka mpaka mteja wake naye akacheka. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama na kikohozi changu, nikawafundisha akina mama lile somo la mapafu. Nilipomaliza, nilienda kuketi kando ya wifi.