Kinyozi Aliyeona Kila Kitu

Tangu gari la polisi limgonge mtoto pale barabarani, kibaraza cha kinyozi hakikauki watu, na fundi cherehani wa mlango wa pili roho inamuuma. Waliona wote wawili; anayesikilizwa ni mmoja. Kinyozi akisimulia, akifika penye breki za gari lile, huinua wembe shavuni mwa mteja, akaupuliza, akangoja. "King'ora hakikulia," husema. Watu wakianza kubishana, huyu akimlaumu dereva, yule akimlaumu mama wa mtoto, yeye hushusha sauti ili wamsogelee. Fundi hukata uzi kwa meno na kusonya.

Jana mama wa mtoto aliingia. "Kituoni wanasema mwanangu alijirusha mwenyewe. Wewe uliona, kaka. Twende ukaseme."

Kinyozi aliinua wembe, akaupuliza. "Dada yangu, mimi barabara niliipa mgongo. Labda fundi hapo jirani."

Kibaraza kizima kikamgeukia fundi. Macho yale yale aliyoyaonea wivu wiki nzima, sasa yakawa yake peke yake. Fundi akainamisha kichwa, akakanyaga cherehani. Sindano ikaenda mbio, haina uzi.