Neno Nililolitafsiri Uchovu

Kwa miezi minne nilikuwa mkalimani wa dada yangu mdogo, na kazi hiyo niliifanya vibaya kwa makusudi.

Tulikuwa tukitoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mapema kwenda Mbarara, hospitalini, kwa mama mmoja Mnyankore aliyekuwa mshauri wa wagonjwa wa mawazo. Yeye hakujua Kiswahili chetu, dada hakujua Kiingereza. Mimi nilimaliza sekondari kwetu Kivu Kusini, na Kiingereza nilikiokota humu kambini. Tena nilikuwa mzee wa kanisa. Kila mtu aliona nafaa.

Nilitegemea dawa, au maswali makali juu ya siku ile mume wake alipouawa. Mshauri hakuchokonoa. Aliuliza kama dada amelala, amekula nini, nani humsuka nywele. Dada aliposema ni jirani, akaambiwa, "Basi wiki hii nenda naye bombani, hata mara moja." Aliporudi na kusema amekwenda, mshauri alimsifu kama mtu aliyelima shamba zima. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikauliza matibabu yataanza lini.

"Haya ndiyo matibabu, mzee," akanijibu. "Amebeba mzigo ambao siwezi kumtua. Namsaidia asimame nao, apate nguvu za leo, na ajue kuna mahali anaweza kusema lolote bila kulaumiwa."

Mahali hapo katikati nilikaa mimi.

Wiki iliyofuata dada alisema, "Kila asubuhi ninajiuliza juu ya nini niliamuka. Ninatamani kufa, yaya." Yaya ndivyo anavyoniita, mimi kaka yake mkubwa.

Nikaona haya. Kanisani kwetu mtu hatamki hivyo, na niliogopa yule mama angetuona watu wasio na imani. Nikamwambia mshauri, "Anasema amechoka." Mshauri akampa mawaidha ya mtu aliyechoka: apumzike mchana, asibebe maji peke yake.

Dada akanigeukia. "Yaya, nimesema mambo mingi. Mbona wewe umesema kidogo hivi?"

"Kiingereza ni kifupi," nikamjibu.

Alilirudia neno lile wiki nyingine, na nyingine tena. Kila mara nikalitafsiri uchovu. Kisha akaacha kulisema, nami nikamshukuru Mungu kwamba anapona.

Mwezi wa nne alijaribu kujiua. Jirani ndiye aliyewahi kumkuta.

Mshauri alikuja wodini, akaniita nje. "Aliwahi kukuambia?"

"Alikuambia wewe," nikasema. "Mara nyingi. Mimi sikufikisha."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba angejua, angemuuliza waziwazi, na wangepanga pamoja nani akae naye siku zikiwa mbaya.

Sasa mkalimani ni mwanamke Mkongomani anayeishi Mbarara. Mimi namsindikiza dada, nabaki kwenye benchi la nje. Analala saa chache. Kuna siku anapika, kuna siku hanyanyuki kabisa, na jirani hushinda naye, kama walivyopanga. Uzee wa kanisa niliuacha mwenyewe; sikuona namna ya kuwaombea wengine.

Nilimwomba dada msamaha akiwa anamenya muhogo. Hakuinua macho.

"Nimekusamehe, yaya. Lakini mule ndani ni fasi yangu. Usiniulize tena nilisema nini."

Sijamuuliza.