Mke wangu alishinda ziwani huko Ireland akarudi bila samaki, wivu ukanipeleka kwa mjomba wake

Habari za jioni wakuu,

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, hapahapa Bigwa, Morogoro. Sijaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana kituko, jueni nilikuwa kituko kweli.

Nianze taratibu ili hata asiyeijua Moro anielewe.

Mimi ni mwalimu. Mke wangu, Mama Neema, analima mboga mlimani. Dada yake mkubwa ni nesi Ireland, na mwaka huu alimwita wakapumzike wote kijijini huko, kwenye kinyumba cha kupanga kando ya ziwa. Mwaliko ulikuwa wa mtu mmoja. Nilimfungia begi mwenyewe, nikamsindikiza stendi, nikampungia mkono. Roho nyeupe kabisa.

Ilianza kuchafuka picha zilipoanza kuingia.

Hebu niwaeleze watu wanafanya nini kwenye likizo ya namna ile, maana hata mimi sikujua.

Asubuhi unazunguka ziwa kwa miguu. Njia imetengenezwa, ina vibao na mabenchi, na kondoo wanakupisha wakijisikia. Mvua inanyesha, inakata, inanyesha tena, kwa hiyo koti la mvua halikutoki mwilini. Mchana mnakodi baiskeli, au mnavuka kwa boti ya makasia hadi kisiwani kuangalia magofu ya kanisa la zamani. Jioni mnakaa kwenye moto wa udongo mweusi. Wanaukata mabondeni, wanaukausha, unawaka kama kuni. Au mnaenda baa ya kijiji kusikiliza wazee wakipiga fidla.

Na kiangazi chao jua linachelewa kuzama. Sisi huku tumeshafunga milango, yeye ananionyesha ziwa linang'aa.

Mimi nasonga ugali, mwanangu Neema anauonja na kuniuliza, "Baba, mama anarudi lini?"

Niliona wivu. Lakini huo ulikuwa wivu wa ziwa tu, ule mdogo.

Halafu akaja Liam.

Liam ndiye anayekodisha boti. Kwenye picha, Mama Neema amevaa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, ameshika makasia, anacheka meno yote nje. Nyuma yake unaonekana mkono wa mwanaume. Niliivuta ile picha kwa vidole hadi ule mkono ukawa viboksi.

Nikapiga simu. "Huyo nani?"

"Liam. Anatufundisha kuvua. Jana tumeshinda ziwani kutwa!"

"Mmepata samaki?"

"Mmoja, mkubwa hatari! Tukampima, tukamrudisha."

"Mkamrudisha wapi?"

"Majini, Baba Neema. Huku ndivyo wanavyovua."

Kesho yake nikafanya kosa la kulipeleka jambo hilo kijiweni. Muuza kahawa pale ni Sefu, binamu yangu, na kwetu binamu ni mtani, hana breki.

"Rudia, mwalimu," alisema. "Wamemvua, wamempima, wamemwambia nenda salama?"

"Ndiyo."

"Mtu anashinda ziwani kutwa, harudi hata na gamba. Wewe unafundisha hesabu, hiyo imekaaje?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mimi nilicheka mdomo tu.

Wakuu, lazima muwaelewe watu wa huku. Mluguru hashuki mlimani mikono mitupu. Ukipanda, unashuka na ndizi, na mboga, ukikosa kabisa unashuka na kuni. Anayekwenda mahali kutwa na kurudi bila kitu, tunajua alikuwa na shughuli nyingine.

Jambo la pili: kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Nyumba yangu imesimama kwenye shamba la ukoo wa mke wangu. Ndoa ikivunjika, anayefungasha ni mimi. Kwa hiyo mwanaume mwenye akili hamtuhumu mkewe ovyo.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mjomba wake, ndiye msemaji wa ukoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mkwe. Kuna nini?"

Nikaeleza yote. Ziwa, Liam, mkono. Akajikuna kidevu.

"Sasa mkwe, shitaka lenyewe ni lipi? Kwamba samaki hajaletwa?"

"Siyo samaki, mjomba..."

"Nikiita ukoo mzima kwa kesi hii, utaulizwa samaki yuko wapi. Utasema yuko ziwani. Nani atakwenda kumwita aje kutoa ushahidi? Nenda nyumbani. Mwenyewe akirudi, muulize kama mtu mzima."

Alirudi. Kabla sijauliza, alikuwa ameshapita kwa mjomba wake kusalimia. Aliingia ndani, akakaa, hakufungua hata begi.

"Umenipeleka kwa mjomba kwa sababu ya Liam?"

Nilishaanza kuwaza nitahamia wapi.

"Haya nikwambie kuhusu Liam," alisema. "Ana mke. Kila jioni wakimaliza kazi wanachukua boti yao, wanakwenda katikati ya ziwa, wanakaa. Basi. Hawachukui kitu, hawaleti kitu. Mimi nawaangalia kutoka benchi, naona wivu hadi chai inapoa. Nikajiuliza, mimi na Baba Neema tumewahi kwenda wapi pamoja bila kiroba?"

Nilitafuta, wakuu. Shambani, kiroba. Sokoni, kiroba. Hata ukweni tunabeba na tunabebeshwa.

Jumamosi iliyofuata tulimwacha Neema kwa bibi yake, tukapanda mlimani hadi pale mto unapotulia kwenye mawe. Tukala chapati. Tukaloweka miguu, maji ya baridi ya kuuma mifupa. Akanionyesha kwa kijiti jinsi ya kuvuta kasia. Hapo ndipo nilipomwomba radhi, akasema amesikia, nisirudie.

Tunashuka jioni, Sefu anatuona. Akatazama mikono yangu, ya mke wangu, na njia nyuma yetu kama kuna mzigo unatufuata.

"Kutwa nzima mlimani, hakuna hata fungu la mchicha? Mlikuwa mnafanya nini huko?"

Mama Neema akamjibu, "Tulikuwa tunavua."

Nilichojifunza, nawapa kwa upole: wivu ukikupanda, kabla hujaenda kwa mjomba, mwulize mwenzako na yeye anaona wivu wa nini. Inawezekana ni kitu mnachoweza kukipata wote, kiko mlimani tu, juu ya nyumba yenu.

Wenye ndoa humu, mara ya mwisho mmetoka pamoja mkarudi mikono mitupu ni lini? Mniambie na mahali. Na mnaotaka kunicheka kuhusu ule mkono, chekeni tu, Sefu amewatangulia.