Kazi Niliyolipwa Giakanja

Kuna asubuhi moja ya baridi ambayo naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mambo yaliyoifuata sijayaelewa yote mpaka leo. Nilikuwa nimesimama kando ya njia kule Giakanja, mkoba wangu miguuni, nikiitazama Landrova ya afisa wa maendeleo ikirudi Nyeri mjini bila mimi. Mbele yangu walisimama wanawake wa kikundi cha mabati. Afisa alikuwa amewaambia kwamba mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kwamba nitakaa nao likizo yote, na kwamba nitalipwa. Jambo moja tu hakulisema: nitalipwa kwa kufanya nini.

Uhuru ulikuwa bado kitu kipya. Kanisa na ofisi ya maendeleo walikuwa wamekubaliana kuwalipa wanafunzi wafanye kazi vijijini wakati wa likizo ndefu. Waliosomea kilimo walipelekwa Kianyaga kwenye miche ya chai. Waliosomea udaktari walipelekwa zahanati. Mimi nilisomea historia na fasihi, na nadhani hata aliyenipangia hakujua anitupe wapi.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Muthoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama mimi ni muuguzi. Nikasema hapana. Mwalimu? Hapana. Basi daktari wa mifugo? Nikamwambia nasoma vitabu.

"Daktari wa vitabu," mmoja akasema kutoka nyuma. "Bahati mbaya, vyetu haviumwi."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Wewe umezaliwa chini ya mabati, kwa hivyo acha nikueleze. Siku hizo nyumba nyingi zilikuwa za nyasi, na nyasi huvuja. Wanawake walilima mashamba ya watu kwa pamoja, wakaweka walichopata, wakanunua mabati, kisha wakajenga nyumba ya mwenzao mmoja, halafu ya mwingine, kila mtu kwa zamu yake. Hakuna aliyelipwa. Mimi peke yangu ndiye niliyelipwa, na mimi ndiye niliyekuwa mnyonge kuliko wote. Nilibeba maji yakamwagika. Nilikanyaga udongo wa kukandika kuta, nikateleza nikaanguka ndani yake. Kila nilipoinama kuokota jiwe niliona aibu, kwa sababu aliyekuwa karibu nami alikuwa ameokota kubwa zaidi, tena bure.

Mwishowe nikamfuata Mama Muthoni nikamwambia kwamba nitaikataa ile posho ili nami niwe kama wao. Nilidhani atanisifu. Akapangusa mikono kwenye leso yake.

"Usifanye hivyo," akasema. "Mtu wa bure akichoka anaenda kwao, na hatuwezi kumdai kitu. Wewe unalipwa, kwa hivyo tunaweza kukuuliza. Na iko jambo tunataka kukuuliza."

Jambo lenyewe lilikuwa zamu ya Wairimu. Wairimu alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeoza upande mmoja. Mvua ya masika ilikuwa karibu. Mabati yake yalishanunuliwa. Lakini shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina la shemeji yake, Gachanja, naye alisema hakuna bati litakalopigwa misumari pale. Watu walisema sababu ni wazi: nyumba ya nyasi inaweza kuondolewa, lakini nyumba ya mabati ingemfanya mjane awe wa pale daima. Nusu ya kikundi walitaka Wairimu arukwe, mabati yapewe mwingine. Na mtu akirukwa mara moja, ni vigumu zamu yake kurudi.

"Sisi wote ni majirani zake," Mama Muthoni akaniambia. "Kila mmoja wetu ameshagombana na Gachanja, ama bwanake amegombana naye. Wewe kwenu ni Gatitu, si hapa, hakujui. Na ati umesomea maneno. Nenda basi ukaseme naye."

Niliyatayarisha maneno hayo siku nzima. Nilimkuta Gachanja akimkatia ng'ombe majani, nikamsalimia, akanipa kigoda. Nikamweleza habari ya kujenga taifa, habari ya haki za wajane, habari ya maendeleo ya akina mama. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Hayo nimeyasikia kwa redio."

Akaendelea kukata majani. Mwanangu, sikujua nifanye nini. Kuondoka kulionekana utovu wa adabu, na kukaa pia vilevile. Kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikaitazama ile nyumba ya Wairimu ng'ambo ya ua, nikauliza ni nani aliyeijenga.

Panga likasimama.

Akaniambia ni ndugu yake, marehemu mume wa Wairimu. Aliijenga wakati watu waliporuhusiwa kutoka kwenye vijiji vya Hali ya Hatari, ambamo Waingereza walikuwa wamewakusanya kwa nguvu, huku Gachanja mwenyewe akiwa bado kizuizini. Kila nguzo aliibeba begani kutoka msituni. Ndani alijenga kitanda cha Gachanja, ingawa hakuna aliyejua kama Gachanja ataonekana tena akiwa hai. Aliporudi, alikikuta kimetandikwa. Kisha ndugu yake akaugua kifua, akafia mle mle ndani. Gachanja alisimulia mpaka ng'ombe akaanza kulia kwa njaa. Ndipo akaliokota panga.

"Umeniuliza, nimekujibu," akasema. "Sasa nenda, msichana."

Wanawake walikuwa wananingoja njiani. Wakauliza kama amekubali. Nikasema sijui. Basi amekataa? Sijui.

"Sasa ulikuwa unafanya nini huko mpaka jua likaenda?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Hata ng'ombe wangu anasikiliza," akasema yule yule wa vitabu, "na bado anatoa maziwa."

Nilimweleza Mama Muthoni peke yake habari ya kile kitanda, na hata hapo sikuwa na hakika kama nilipewa maneno yale ili niyapeleke kwa mtu mwingine. Alisema tu kwamba siku ya Wairimu haibadilishwi.

Siku hiyo tulikwenda na mapanga, kwa sababu mpango ulikuwa kuibomoa nyumba ya nyasi na kutumia nguzo zake kujengea ile mpya. Wairimu alikuwa ameshatoa vyombo nje. Gachanja alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hii haibomolewi," akasema.

Wairimu aliketi chini kando ya sufuria zake.

"Hiyo yake," Gachanja akaendelea, "jengeni pale, karibu na njia. Nguzo kateni kwa mikaratusi yangu huko bondeni. Lakini hii ya ndugu yangu mwiache."

Mama Muthoni akageuka, akawaambia wanawake wateremke bondeni kabla jua halijakuwa kali. Hivyo tu.

Nyumba ilisimama, na mvua ilipofika ilikuta bati. Lakini mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Wengine walisema upande ule wa njia una mawe, kwamba Gachanja ametoa asichokitaka. Wengine walisema ndio upande bora. Je, kilichomsumbua kilikuwa shamba, au ni zile nguzo? Je, swali langu lilifanya kitu, au alikuwa ameshaamua kabla sijafika? Nilimwuliza Wairimu. Akasema yeye anajua watoto wake watalala pakavu, na hayo mengine ni ya Gachanja na ndugu yake. Sisi wanafunzi tuliporudi ofisini Nyeri, wenzangu walieleza habari za miche na chanjo. Mimi nilisema nilimwuliza mtu swali, nikakaa. Walicheka sana.

Sasa nawe, mwanangu, umepata nafasi kama ile, na umekuja kwangu ukilalamika kwamba hujui mtu wa lugha na sanaa atalipwa kijijini kwa kazi gani. Mimi pia sikujua. Nenda. Pokea malipo yako bila aibu, maana ndiyo yatakayowapa watu ruhusa ya kukudai. Hotuba yako itakwisha mapema kuliko unavyodhani; ikiisha, usiinuke. Uliza kitu ambacho kweli hukijui, kisha ukae mpaka mtu amalize. Na wakikuuliza umefanya nini nawe huna hakika, sema huna hakika, hata wakicheka.

Mungu akutangulie njiani. Akupe watu watakaokuuliza, akupe masikio yasiyochoka, na siku utakapojiona huna maana mbele yao, akupe kigoda cha kukalia.