Mshumaa Katika Ua wa Bibi

Kila ninaposikia harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka, narudi kijijini Mgwashi, kwenye ua wa bibi yangu, ukungu wa kipupwe ukiwa umelalia migomba. Nilikuwa darasa la nne. Chumba chetu cha uani alikipanga Hanna, mwalimu wa kigeni aliyefundisha hesabu katika sekondari ya jirani. Aliwaamkia wakubwa shikamoo bila kukosea, na Jumamosi alipalilia kabichi pamoja nasi. Dini yake, alitueleza bila kuficha, iliitwa Wicca, dini ya huko kwao ya kuheshimu ardhi na mwezi. Kila mwezi ulipopevuka alikwenda alfajiri ukingoni mwa msitu, akawasha mshumaa, akachora duara kwa chumvi na kuomba.

Jirani yetu, Mama Zubeda, alimwona. Wiki hiyohiyo ng'ombe wake akaacha kutoa maziwa. Mchana mmoja ua wetu ukajaa watu wakisema mgeni ni mchawi, wakitaka ahame kabla ya jua kuzama. Bibi alikuwa mganga wa mitishamba, na wagonjwa walimfuata hata kutoka Bumbuli. Akimtetea mchawi, nani tena angekunywa dawa yake? Alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kisha akamwambia Hanna, "Mwanangu, lete vitu vyako. Ufanye hapahapa, tuone." Hanna akapanga mshumaa, chumvi na bakuli la maji juu ya mkeka, akaanza kuishukuru ardhi kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Na ng'ombe je, humshukuru?" mtu akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka, ila Mama Zubeda. Hanna akamgeukia.

"Pole kwa ng'ombe, mama. Ungependa nimwombee?"

"Thubutu! Ng'ombe wangu umwache!"

"Basi sitamwombea. Dini yetu inakataza kudhuru, na hatumfanyii mtu jambo asilolitaka." Akazima mshumaa kwa vidole. Harufu ya nta ikatanda ua mzima.

Bibi akawatazama wote. "Mchawi tunamjua. Hufanya kwa siri, kwa mtu asiye na habari. Huyu anaomba ruhusa. Mmeona wapi mchawi anapiga hodi?"

"Labda wa Ulaya wana adabu," akasema mzee mmoja, na kicheko safari hii kilimchukua hata Mama Zubeda. "Haya, abaki," alisema. "Lakini chumvi yake asiimwage kwenye malisho yangu." Hanna akaitikia, na akabaki hadi mkataba wake ulipokwisha. Jioni ya siku ile ya mkeka, Bibi alimpelekea ng'ombe dawa ya majani ya kuchemsha, baada ya kubisha mlangoni kwa Mama Zubeda na kungoja akaribishwe.

Sasa naishi Lushoto mjini. Bibi hayupo, na ua ule umezungushiwa ukuta wa matofali. Kwenye simu yangu watu wanaitana wachawi kwa sababu ya picha moja ya mshumaa, bila kuonana uso kwa uso. Hapo namkumbuka Bibi, aliyewakalisha mshitaki na mshitakiwa mbele ya mkeka mmoja, mchana kweupe, wakaulizana. Siku hizi tuhuma ndizo zinazoingia bila hodi.